Watu watano mezani: Brazil inavyoamua nani ni mweusi

Mlango unafunguliwa, mtahiniwa anaingia na kitambulisho mkononi. Mtihani wa maandishi wa kazi ya serikali ameshafaulu, na sasa anawania nafasi zilizotengwa kwa Weusi. Mbele yake kuna meza, nyuma ya meza wamekaa watu watano, na kamera imeshawashwa. Anataja jina lake, kisha anasoma sentensi iliyoandikwa kwenye karatasi: kwamba yeye ni mweusi, au ni pardo, yaani wa rangi ya kati. Pengine ataulizwa swali moja mawili, pengine hataulizwa chochote. Anatoka. Wale watano wanabaki, na kila mmoja anatoa uamuzi wake: ndiyo au hapana.

Hakuna aliyemuuliza babu yake alikuwa nani.

Jambo hili limenikaa kichwani wiki kadhaa sasa. Kwetu sisi, ukimuuliza mtu asili yake, atakutajia baba, babu, ukoo na kijiji. Brazil, mtu akija na picha ya bibi yake mzaa mama, mweusi tii, amekaa kwenye kigoda uani, kamati haitaizingatia hata kidogo. Imekatazwa na kanuni. Ukiisoma kanuni hiyo juu juu utaona ni dhuluma. Ukiisoma na historia yake mkononi, inaanza kueleweka. Halafu, ukiendelea kusoma, inakusumbua kwa sababu nyingine kabisa.

Kanuni inasemaje

Kanuni yenyewe ilitolewa na serikali kuu tarehe 6 Aprili 2018 kwa ajili ya ajira za serikali, na vyuo vikuu vingi viliifuata au kuiiga. Mwaka 2023 nafasi yake ilichukuliwa na kanuni mpya. Ile ya 2018 ilisema hivi. Kamati iwe na watu watano, na wa akiba wao. Wachanganyike kwa jinsia, kwa rangi na, ikiwezekana, kwa mahali walikozaliwa. Wawe wamepitia mafunzo kuhusu usawa wa rangi. Wanachotazama ni kimoja tu: mwonekano wa mtu siku ile, saa ile, yaani ngozi, nywele, pua, midomo, vyote kwa pamoja. Nyaraka, picha za zamani, hata cheti cha kamati nyingine iliyomkubali, havihesabiki.

Usaili urekodiwe kwa video, na anayekataa kurekodiwa aondolewe kwenye mashindano. Wajumbe wasijadiliane mbele yake. Uamuzi upitishwe kwa wingi wa kura, na uandikwe pamoja na sababu. Anayekataliwa akate rufaa kwa watu watatu wengine, nao watazame video ileile, maelezo ya kamati ya kwanza na hoja za mkata rufaa. Baada ya hapo hakukuwa na rufaa nyingine ndani ya utaratibu huo. Kilichobaki ni mahakama.

Matangazo ya usaili huwa na orodha ndogo ya makatazo: usije na kofia, usivae miwani ya jua, usijipake vipodozi, na kama usaili ni wa video usiweke vichujio vya picha. Ukiona katazo la namna hiyo, ujue kuna mtu alishajaribu.

Mahakama ya Juu ya Brazil iliubariki utaratibu huu mwaka 2017, kwa masharti: utu wa mtahiniwa uheshimiwe, apewe nafasi ya kujitetea, na pale penye shaka ya haki kuhusu mwonekano wake, neno lake mwenyewe ndilo lishinde.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalosahaulika kwa urahisi zaidi mezani.

Kwa nini sura, si nasaba

Tuanze na mambo ya karatasi. Karibu Waafrika milioni 5 walishushwa Brazil wakiwa watumwa, kuliko nchi nyingine yoyote ya Amerika. Walibatizwa majina ya Kikristo, na wengi wakabaki na majina ya ukoo ya mabwana zao. Utumwa ulifutwa tarehe 13 Mei 1888. Tarehe 14 Desemba 1890 waziri wa fedha, Rui Barbosa, akaamuru kumbukumbu za utumwa zilizokuwa mikononi mwa serikali ziteketezwe. Sababu inayotajwa sana ni kuwanyima mabwana wa zamani ushahidi wa kudai fidia. Si zote zilizoungua, lakini nchi ambayo imewahi kuchoma daftari zake haiwezi kumwambia kijana wa leo alete cheti cha babu wa babu.

Sababu kubwa zaidi ni ya mtaani. Katikati ya miaka ya 1950 mwanasosholojia Oracy Nogueira alitofautisha ubaguzi wa aina mbili. Marekani, alisema, ubaguzi unafuata asili: tone moja la damu ya Kiafrika linatosha, hata kama ngozi yako ni nyeupe kama karatasi. Brazil ubaguzi unafuata alama: kile kinachoonekana. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kutoka pamoja nyumbani, mmoja akapekuliwa na polisi, mwingine akasalimiwa. Polisi haangalii nasaba. Mlinzi wa duka haulizi vinasaba.

Basi, kama madhara yanaingia kwa njia ya sura, dawa nayo ipitie hukohuko. Hiyo ndiyo hoja ya kamati, na kwangu ina uzito. Bibi mweusi aliyemzaa mjukuu anayepita kila mahali kama mzungu hakumrithisha mjukuu huyo kupekuliwa na polisi.

Kabla ya meza

Mwanzoni vyuo vingi vilitosheka na neno la mtu. Sheria namba 12.711 ya mwaka 2012 ilitenga nusu ya nafasi za vyuo vikuu vya serikali kuu kwa waliosoma shule za umma, na ndani ya nusu hiyo ikaweka fungu la Weusi, pardo na wenyeji asilia. Kuthibitisha ilikuwa ni kutia alama kwenye kisanduku.

Yaliyofuata ni yale ambayo yeyote angetabiri. Wanafunzi Weusi walianza kutazama madarasani, hasa ya udaktari, wakawahesabu walioingia kwa mgao, wakaona nyuso haziendani na orodha. Wao ndio waliopiga kelele. Katika Chuo Kikuu cha Pelotas, kusini kabisa, wanafunzi 24 wa udaktari walipoteza nafasi zao mwishoni mwa 2016 baada ya uchunguzi wa malalamiko kama hayo. Kamati hazikubuniwa na makarani wenye hamu ya kupima pua za watu. Zilidaiwa na Weusi waliochoka kuibiwa.

Chuo Kikuu cha Brasília kilikuwa na kamati mapema zaidi. Kilianza mgao wa asilimia 20 mwaka 2004, na waombaji walipigwa picha, kisha picha zikapelekwa kwa kamati. Mwaka 2007 mapacha wa kufanana waliomba pamoja. Mmoja alikubaliwa kuwa mweusi, mwingine akakataliwa. Aliyekataliwa akakata rufaa, akakubaliwa, na chuo kikaachana na picha na kuhamia usaili wa ana kwa ana.

Mkasa huo hutajwa kila mara kama kichekesho cha kumaliza mjadala. Kwangu mimi unafundisha kitu cha kiufundi zaidi: picha ni kipimo kibovu. Taa ikiwa kali ngozi inang'aa, kamera ikijirekebisha kwa ukuta mweupe uso unakuwa mweusi zaidi, na nywele zikibanwa nyuma nusu ya habari imepotea. Anayetazama picha moja moja, bila kulinganisha, anaamua kwa kubahatisha kwa watu walio mpakani. Somo hilo halikuwafikia wote. Mwaka 2024 kijana aliyekuwa amepata nafasi ya kusoma sheria katika Chuo Kikuu cha São Paulo alikataliwa baada ya picha na mazungumzo mafupi ya video. Mahakama ikaamuru arudishiwe nafasi yake.

Kistari cha 1940

Hapa ndipo mambo yanapoanza kunisumbua kwa namna nyingine, kwa sababu kamati si chombo pekee. Kuna sensa, na sensa haina meza. Karani anauliza, mtu anajibu, na mara nyingi anayejibu ni mmoja kwa niaba ya nyumba nzima. Mama anataja rangi ya watoto, na rangi ya mume aliyeko kazini.

Sensa ya kwanza ya Brazil, ya 1872, ilikuwa na makundi manne. Sensa za 1900 na 1920 hazikuuliza rangi kabisa, na ile ya 1970 pia. Ya 1940 ilifanya jambo la ajabu: karani aliandika mweupe, mweusi au wa manjano, yaani mwenye asili ya Asia Mashariki, na kwa yeyote ambaye hakuingia humo alichora kistari. Kistari tu. Matokeo yalipochapishwa, vistari vyote vikageuka kuwa kundi la pardo.

Mamilioni ya watu waliingia kwenye takwimu za taifa lao kama kistari.

Mwaka 1976 wakala wa takwimu, IBGE, ukaamua kuwaacha watu wajieleze wenyewe katika uchunguzi wa kaya. Yakaja majina zaidi ya 130 ya rangi. Wageni hulipenda sana simulizi hili, lakini wanasahau kuongeza kwamba majina machache tu ndiyo yaliyochukua karibu watu wote, likiwemo *moreno*, yaani wa maji ya kunde, jina la upole ambalo mtu anaweza kuingia nalo popote. Tangu 1991 visanduku ni vitano: *branco* kwa mweupe, *preto* kwa mweusi, pardo, *amarelo* kwa wenye asili ya Asia Mashariki, na mwenyeji asilia.

Msomaji wa Pwani hatashangaa. Zanzibar, kati ya sensa ya 1924 na ile ya 1931, waliojitaja kuwa Waswahili walipungua mno, na majina mengine yakapanda. Hakuna tauni iliyopita hapo katikati.

Mwaka 2022 pardo walikuwa milioni 92.1, asilimia 45.3 ya Wabrazili wote, na kwa mara ya kwanza tangu 1991 wakawapita weupe, waliokuwa asilimia 43.5. *Preto* walikuwa milioni 20.6, asilimia 10.2. Sheria ya 2010 ya usawa wa rangi inajumlisha *preto* na pardo na kuwaita wote *negro*, jina ambalo harakati za Weusi zilishalifanya la fahari. Ukijumlisha unapata asilimia 55.5. Ndiyo takwimu unayoiona kila mahali: zaidi ya nusu ya Brazil ni Weusi.

Jumla hiyo ina sababu nzuri. Katika kipato, elimu na vifo vya risasi, takwimu za pardo kwa kawaida hukaa karibu na za *preto* kuliko za weupe. Harakati zilipigania miaka mingi watu wasigawanywe kwa vivuli vya ngozi.

Lakini ni jumla ya kwenye karatasi, na mezani anakuja mtu mmoja mmoja.

Pardo wa Belém

Tazama hesabu inavyokwenda. Ile sheria ya 2012 inasema fungu la Weusi, pardo na wenyeji asilia lilingane na uwiano wao katika jimbo husika kwa mujibu wa sensa. Chukua kozi yenye nafasi 100. Nafasi 50 ni za waliosoma shule za umma. Katika jimbo la Pará, lenye makao makuu Belém, karibu na mdomo wa Amazon, pardo peke yao ni asilimia 69.9. Ongeza *preto* na wenyeji asilia, unakaribia 80. Kwa hiyo nafasi kama 40 kati ya zile 50 zinaingia kwenye fungu hili. Rio Grande do Sul, ambako weupe ni asilimia 78.4, fungu hilohilo linakuwa nafasi 11 hivi.

Sasa, pardo wa Pará ni nani? Wengi ni wajukuu wa watu wa mtoni: nywele nyoofu nyeusi, macho membamba, ngozi ya shaba. Damu ya Kiafrika inaweza kuwepo, lakini uso unaonyesha zaidi wenyeji wa Amazon. Mjumbe aliyefunzwa kutafuta alama za Kiafrika afanye nini? Akisema hapana, amemkatalia mtu ambaye jibu lake kwenye sensa ndilo lililoongeza idadi ya nafasi. Akisema ndiyo, anafungua mlango ambao kwingine, kwa uso huohuo, umefungwa.

Mtu huyohuyo ni pardo wa kuhesabiwa lakini si pardo wa kukubaliwa.

Mimi sipingi kamati. Wanaotaka zifutwe hawajaeleza nani atawazuia wale wa Pelotas. Ninachopinga ni kujifanya kwamba chombo kimoja kinafanya kazi mbili. Sensa inauliza unajionaje. Kamati inauliza mtaa unakuonaje. Nafasi zinapangwa kwa jibu la swali la kwanza na kugawiwa kwa jibu la swali la pili, na tofauti kati ya majibu hayo anailipa kijana mmoja mwenye ngozi ya kati, peke yake, mbele ya kamera.

Asilimia za maabara

Kuna wanaosema basi tupime vinasaba, yaishe. Hayataisha.

Mwaka 2007 BBC Brasil iliomba Weusi mashuhuri wapimwe na mtaalamu wa vinasaba Sérgio Pena wa Belo Horizonte. Neguinho da Beija-Flor, sauti ya mojawapo ya shule kubwa za samba za Rio, mtu mweusi ambaye hakuna kamati ingesitasita mbele yake, alionekana kuwa na asilimia 67.1 ya asili ya Ulaya na 31.5 ya Afrika. Daiane dos Santos, bingwa wa dunia wa sarakasi za viungo mwaka 2003, alipata Ulaya 40.8 na Afrika 39.7, sehemu iliyobaki ikiwa ya wenyeji asilia. Kwa kipimo hicho, mwimbaji wa samba angenyimwa nafasi.

Vipimo vya uzao wa upande mmoja vinachanganya zaidi. Kimoja kinafuata mama, mama wa mama, mama wa mama wa mama. Kingine, kwa wanaume, kinafuata baba kwa baba. Vizazi kumi nyuma una nafasi 1,024 za mababu na mabibi. Kila kipimo kinakuonyesha mmoja. Ukiambiwa mama yako wa asili alitoka Angola, ni kweli, na wale 1,023 hawajasema kitu.

Kwa jamii nzima, hata hivyo, vipimo hivyo vinasema jambo zito. Kundi la Pena lilipowapima Wabrazili waliojiita weupe, upande wa baba ulikuwa wa Ulaya karibu wote, asilimia 98. Upande wa mama ulikuwa Ulaya 39, wenyeji asilia 33, Afrika 28. Wanaume wa Kireno, wanawake wa Kiafrika na wa Kihindi wa Amerika. Kilichofanyika humo ndani kwa sehemu kubwa hakikuwa ndoa.

Halafu kuna suala la ramani. Maabara haisomi "Yoruba" au "Makua" kwenye damu. Inalinganisha na sampuli ilizonazo. Penye sampuli chache, jibu linasukumwa kwa jirani aliyepimwa. Upande wetu wa Afrika unaumia hapo. Meli nyingi zilipakia watu Kisiwa cha Msumbiji na Quelimane kwenda Rio, hasa baada ya mkataba wa 1815 kupiga marufuku Wareno kununua watumwa kaskazini mwa ikweta. Waliopitishwa gati la Valongo, lililojengwa 1811 na kuingizwa urithi wa dunia mwaka 2017, waliandikwa "Moçambique" kwa jina la bandari, awe Mmakua au Myao, watu ambao leo wako pande zote mbili za mto Ruvuma. Karani wa Rio aliwapotezea kabila mara ya kwanza. Kampuni isiyo na sampuli za Ruvuma inalipoteza mara ya pili.

Pasipo na kamati

Usidhani kuacha neno la mtu peke yake kunamaliza shida. Kolombia ilihesabu watu Weusi 4,311,757 mwaka 2005. Sensa ya 2018 ikatoa 2,982,224. Zaidi ya milioni moja na laki tatu hawakuonekana. Mashirika ya Weusi yalilalamika kwamba makarani walikuwa wanaruka swali la kujitambua, kwamba hawakufunzwa vya kutosha, na kwamba maeneo yenye vita hayakufikiwa. Wakala wa takwimu wenyewe ukakiri kasoro, ukatumia uchunguzi wa kaya wa mwaka huohuo kukadiria milioni 4.67. Mwaka 2022 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba haki za watu hao zilikiukwa.

Puerto Rico, weupe walishuka kutoka asilimia 75.8 mwaka 2010 hadi 17.1 mwaka 2020. Watu walibadilika kiasi. Namna ya kuuliza na kupanga majibu ilibadilika pia, na sana.

Machi ndiyo, Agosti hapana

Brazil haijarudi nyuma. Mwaka 2023 sheria ya vyuo ilirekebishwa ili mwombaji ashindanishwe kwanza kwenye nafasi za wote, na mgao umfae pale tu anapouhitaji. Watu wa *quilombo*, jamii zilizoanzishwa na watumwa waliotoroka, wakaingizwa. Juni 2025 fungu la ajira za serikali kuu likapanda kutoka asilimia 20 hadi 30, likigawanywa kati ya Weusi, wenyeji asilia na watu wa *quilombo*. Uthibitisho umebaki ni lazima.

Kulikuwa na kifungu kimoja kwenye kanuni ya 2018 ambacho watu wa mpakani walikijua kwa moyo: uamuzi wa kamati ulikuwa na nguvu kwa mashindano yale tu. Mtu aliweza kuthibitishwa Machi anapoomba kazi ya ukarani wa mahakama, akakataliwa Agosti anapoomba kazi ya ukaguzi wa kodi, mbele ya watu watano wengine. Nyaraka zote mbili zilikuwa halali, na ile ya Machi haikuruhusiwa kuzingatiwa na kamati ya Agosti.